Mama mwenye ini bovu aulizwe mapema, sio leba

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana hili jambo huku kwetu Panyimur, kando ya Ziwa Albert, Uganda, limenichosha. Mwanamke akijulikana ana shida ya ini, watu wanagawanyika. Mashemeji na majirani wanamwambia usizae kabisa, utakufa. Kliniki nao wanampima, wanaandika kwa kadi, wanampa vidonge vya damu, haya nenda. Mi naona wote wanamkosea.

Ini kuugua sio kitu kimoja. Wamama wengi wenye hepataitisi B ambao ini bado halijakakamaa wanabeba mimba vizuri tu na wanajifungua salama. Shida kubwa ni ini likishaota makovu, iwe ni ya virusi, ya pombe kali ya waragi au, kwetu sisi watu wa ziwa, ya kichocho, ile minyoo tunayoipata kwenye maji. Tena hii ya kichocho ndio inadanganya watu. Ini linakuwa bado linafanya kazi yake, mama ana nguvu, anabeba beseni la muziri, wale samaki wadogo, kichwani kila asubuhi, hedhi iko sawa, mimba inashika bila tabu, kumbe damu inayotoka matumboni ikifika kwenye ini inakuta njia imebanwa, basi inafanya kama watu wa magendo hapa mpakani, inatafuta njia za panya, inapita kwenye mishipa midogo ya tumbo na koo la chakula ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Mishipa inavimba. Bandama nayo inavimba, unaigusa chini ya mbavu za kushoto. Sasa ongeza mimba hapo, ambayo inazidisha damu ya mama karibu kwa nusu ya ile aliyokuwa nayo, halafu mtoto anabana tumbo. Ndio maana mishipa inapasuka miezi ya katikati au mama akiwa anasukuma.

Kuna mama mmoja wa soko letu, mimba yake ilikuwa kama ya miezi mitano, choo kikawa cheusi, kinanata, kinanuka vibaya. Akaenda kliniki moja (jina silitaji), wakamwambia ni vile vidonge vya damu. Na kweli vile vidonge vinafanya choo kuwa cheusi, kila mwanamke aliyezaa anajua, ndio maana jibu lilimtosha akarudi zake kuanika samaki. Hakuna aliyewaza labda ni damu inavuja ndani, hakuna aliyemshika tumbo upande wa kushoto, kwenye bandama. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kutapika damu, au kama amekulia ziwani. Siku chache baadaye akatapika damu, akakimbizwa rufaa akaongezewa damu, yeye akapona, mimba ikatoka.

Maswali mawili tu na mkono kwenye tumbo, hiyo inataka bajeti gani jamani?

Mwanamke wa namna hii angejulikana kabla ya mimba, angepitishiwa ule mpira wenye kamera kooni, mishipa ikionekana imevimba inafungwa, au anaanzishiwa propranolo, dawa ya kupunguza presha kwenye hiyo mishipa. Hata akishabeba mimba kipimo hicho kinafanyika, miezi ya katikati ndio muda wake. Pia leba wanajiandaa na damu mapema, kwa sababu bandama ikivimba inameza chembe za kugandisha damu, mama anaweza kutoka damu nyingi baada ya kuzaa. Na watoto wa wamama hawa wengi wanawahi kutoka kabla ya siku zao. Haya sio mambo ya kugundua usiku wa manane kwa helth senta ambayo haina hata chupa moja ya damu.

Jambo lingine ni dawa ya kichocho. VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, wakija na ile fimbo yao ya kupima urefu ili wajue mtu ameze vidonge vingapi, mwenye mimba anaambiwa kaa pembeni. WHO, shirika la afya duniani, wanasema baada ya miezi mitatu ya kwanza anaweza kumeza. Huku mwanamke ana mimba au ananyonyesha miaka nenda rudi, sasa akirukwa kila mara atapona lini? Ila tusidanganyane, dawa inaua minyoo, makovu ya zamani haiyafuti yote.

Hepataitisi B nayo nisiiache. Hapo mtoto ndio yuko hatarini, akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, tisa kati ya kumi wanabaki nayo maisha. Mama mwenye virusi vingi anapewa tenofovia, dawa ya kupunguza virusi, kuanzia miezi ya katikati ya mimba, na mwaka 2024 WHO walisema hata pale ambapo hakuna kipimo cha wingi wa virusi mama anaweza kupewa. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24, asisubiri zile chanjo za wiki ya sita. Kunyonyesha ruksa. Na mama asiache dawa mwenyewe akishazaa, ini linaweza kuvimba upya.

Wamama wenzangu, kama ini lako ni bovu acha kujinunulia diklofenaki na bruufeni dukani mgongo ukiuma. Na ile emumbwa, dawa ya miti shamba iliyofinyangwa na udongo, inayoletwa kutoka Kampala, najua nitatukanwa, lakini nani anajua wamechanganya nini ndani ya ule udongo? Ukiwa na mimba, viganja na nyayo zikiwasha usiku bila vipele, inaweza kuwa ni ini, nenda upimwe damu, usipake mafuta ukalala.

Sasa nawauliza wakubwa wa afya wa wilaya zetu za ziwani, kwa sababu kumwambia mtu "nenda rufaa" ni rahisi. Muuza samaki ana mimba ya miezi minne, ana watoto nyumbani, mume yuko majini, mmemwandikia karatasi ya kwenda kupimwa kwa kamera. Nauli na pesa ya kulala huko anatoa wapi?

Muuza samaki, Panyimur