Dada wa maktaba, popote ulipo asante

Jamani naomba nimshukuru mtu, jina lake silijui hadi leo. Nilikuwa na miaka 15, nimegombana na rafiki yangu wa tangu utotoni, siongei na mtu, kila mchana najificha maktaba najifanya nasoma. Yule dada akaniona wiki nzima niko ukurasa uleule, wala hakuniuliza nina nini, akaniletea riwaya nyembamba imechakaa, jalada limeshikwa na selotepu, ndani kaweka kikaratasi: "Ukimaliza sura ya tatu niambie nani anadanganya."

Nikasoma, nikarudi nikamwambia ni yule jirani. Akacheka, akasema haya rudia, ila safari hii mwangalie anayesimulia. Weee! Kumbe msimulizi ndo anajipendelea muda wote, makosa yake anayapita harakaharaka, ya wenzake anayaeleza kurasa mbili nzima. Nikajiona mimi kabisa, maana ule ugomvi nilikuwa nausimulia hivyohivyo.

Jioni nikamfuata rafiki yangu nikamuomba msamaha (akaninunia siku mbili zaidi, haki yake).

Dada, asante kwa kutonihubiria. Na nyie mnaokaa na vijana, wapeni kitabu na swali moja tu, halafu waacheni. Kile kikaratasi bado ninacho.