Kijana wa miaka 18 abaki klabu tajiri au aondoke? Tunaomba ushauri wa mkataba

Mhariri na wasomaji wenzetu, salaam.

Tunaleta kwenu suala la chipukizi wa miaka 18, kiungo, aliyelelewa katika akademi ya klabu tajiri ya Uingereza. Mezani ana karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba mpya wa miaka 4 na klabu yake, mshahara mnono, pamoja na ahadi ya kutolewa kwa mkopo, yaani kuchezea klabu nyingine kwa muda. Ya pili ni kuuzwa moja kwa moja kwa klabu ndogo, mshahara ukishuka hadi theluthi, na kipengele kinachoiruhusu klabu ya zamani kumnunua tena. Vijana wa namna hii ni wengi kila dirisha la usajili, na sisi tunaowashauri tumegawanyika.

Kwanza tukubaliane kwamba shida haiko kwenye mazoezi. Akademi za daraja la juu zina viwanja, madaktari, wachambuzi wa video na makocha wa kila idara. Hadi miaka 17 ni vigumu kumpeleka mtoto mahali pazuri zaidi. Kinachokosekana baada ya hapo ni dakika za mechi za watu wazima. Katika ligi ya vijana chini ya miaka 21 timu ikifungwa hakuna anayepoteza kazi, na kiungo anapata ile nusu sekunde ya ziada ya kugeuka na mpira ambayo mkongwe wa daraja la pili hampi mtu. Kosa lisiloadhibiwa kijana halioni kama kosa. Beki wa kati na kipa ndio wanaoumia zaidi: winga anaweza kuingizwa dakika 15 za mwisho timu ikiongoza 3–0, lakini hakuna kocha anayebadilisha beki wa kati kwa kumpa tu uzoefu.

Ushahidi kwamba vipaji vipo na nafasi ndiyo haipo tuliuona Chelsea. Mwaka 2019 klabu ilifungiwa kusajili, na msimu wa 2019/20 kocha Frank Lampard akawapanga Mason Mount, Tammy Abraham, Fikayo Tomori na Reece James, wote wakiwa wametoka kwa mkopo msimu uliotangulia. Abraham alifunga mabao 15 ya ligi. Dirisha lilipofunguliwa 2020 pesa zikamwagwa upya. Kufikia 2021 Abraham alikuwa Roma na Tomori yuko Milan, na mwaka 2023 Mount akauzwa Manchester United. Mount na James walianza fainali ya Ligi ya Mabingwa waliyoshinda 2021, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema vijana wale walikuwa wa kuzibia pengo.

Wengi hutujibu kwamba kanuni zinamlinda mchezaji aliyelelewa nchini. Tuzisome vizuri. Tangu msimu wa 2010/11, katika orodha ya wachezaji 25 ya Ligi Kuu ya Uingereza, wasiolelewa nchini hawaruhusiwi kuzidi 17. Kulelewa nchini maana yake ni kusajiliwa na klabu za Uingereza au Wales kwa misimu 3 au miezi 36 kabla ya kumalizika kwa msimu anaotimiza miaka 21. Uraia hauulizwi: Cesc Fàbregas, Mhispania aliyefika Arsenal akiwa na miaka 16 mwaka 2003, alihesabiwa humo. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nao wanataka nafasi 8 za waliolelewa nchini, na kati ya hizo angalau 4 ziwe za waliolelewa na klabu yenyewe kati ya miaka 15 na 21. Lakini klabu isiyotimiza idadi inapunguziwa tu orodha, na klabu yenye wachezaji 22 wa kiwango cha juu haioni maumivu. Tena kanuni zote mbili zinahesabu majina, si dakika. Kipa wa tatu ambaye hagusi mpira msimu mzima anatosha kujaza nafasi moja.

Halafu kuna mahesabu, na hapa ndipo tunapoona hatari kubwa kwa kijana wetu. Mchezaji akinunuliwa kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka 5, vitabu vya klabu vinaandika gharama ya milioni 10 kila mwaka. Akiuzwa baada ya miaka 2 kwa milioni 40, thamani yake kitabuni bado ni milioni 30, hivyo faida ni milioni 10 tu. Kijana wa akademi hakununuliwa, na thamani yake kitabuni ni sifuri. Akiuzwa kwa milioni 40, faida ni milioni 40 nzima, siku hiyohiyo. Kwa klabu iliyobanwa na kanuni ya Ligi Kuu ya hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa misimu 3, iliyotumika hadi msimu wa 2025/26, kijana aliyelelewa nyumbani ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazamwa Juni ilipokaribia kwisha na vitabu vikifungwa. Newcastle walimuuza Elliot Anderson kwa Nottingham Forest mwaka 2024 katika mazingira hayohayo. Kwa hiyo mkataba wa miaka 4 anaopewa kijana huenda usiwe dalili kwamba kocha anamtaka. Unaweza kuwa njia ya kulinda bei yake.

Turudi kwenye ahadi ya mkopo, maana ndiyo inayowavuta wazazi. Tangu Julai 2024 FIFA inaruhusu klabu kutoa wachezaji 6 tu kwa mkopo wa kimataifa kwa wakati mmoja, lakini waliolelewa na klabu na ambao hawajazidi miaka 21 hawahesabiwi. Mlango umebaki wazi upande uleule wenye msongamano. Na mkopo wenyewe huharibika kwa sababu zinazojulikana. Kocha aliyemuomba kijana anafukuzwa Oktoba, anakuja mwingine anayetafuta pointi za kutoshuka daraja, naye anawaamini wakongwe. Klabu iliyokopa haipati chochote kijana akikua, kwa kuwa atakuzwa kisha atauzwa na wengine. Mfumo nao unaweza kumkataa: kiungo aliyefundishwa kupokea mpira kutoka mguuni mwa beki wake anapelekwa timu inayopiga mipira mirefu juu ya kichwa chake, kisha ripoti inasema hakujituma.

Kuna mtego mwingine ambao hata mawakala hujisahau. Kwa kanuni za FIFA mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu 3 ndani ya msimu mmoja, lakini kucheza mechi rasmi kwa klabu 2 tu. Kijana akiingizwa dakika 10 kwenye mechi ya kombe mwezi Agosti, kisha akatolewa kwa mkopo na kucheza huko hata mara moja, Januari akirudishwa hana klabu ya tatu ya kumchezesha. Klabu yake isipompanga, msimu umeisha. Ndiyo maana sisi husema: kama mkopo umepangwa, asiguse mechi rasmi ya Agosti, hata familia nzima ikiwa na hamu ya kumuona uwanjani.

Kinga tunayoipendekeza kwenye mkopo ni ada inayopungua kadiri anavyocheza. Ligi ya mechi 46 ina dakika 4,140. Tunapanga ngazi: akivuka dakika 2,500, klabu iliyokopa hailipi ada yoyote na inabeba nusu ya mshahara, akiwa kati ya 1,500 na 2,500, inalipa mshahara wote, chini ya 1,500, mshahara wote pamoja na faini. Hesabu ifanywe pia katikati ya Desemba, ili haki ya kumrudisha Januari itumike mapema na si siku ya mwisho ya dirisha. Ubaya wake ni kwamba klabu maskini, ambazo ndizo zenye dakika za kutoa, huogopa faini na kukataa kabisa.

Karatasi ya pili nayo ina miiba. Klabu ndogo itampanga, kwa kuwa sasa ni mali yake na ikimkuza inafaidika. Ila klabu tajiri kwa kawaida hutaka bei ya kumrudisha iwe ndogo, na hapo kijana aliyeng'ara anarudi si kwa ajili ya kuchezeshwa, bali ili auzwe kwa bei ya juu kwingine. Klabu ndogo zinajua maumivu haya tangu mbali. Mfumo wa akademi ulioanza Uingereza mwaka 2012 ulipanga fidia ya pauni 3,000 kwa mwaka kwa mtoto wa timu za chini ya miaka 9 hadi 11, kisha 12,500 kwa mwaka hadi chini ya 16 kwa akademi ya daraja la tatu. Miaka 8 ya malezi ikawa na thamani ya pauni 71,500 kabla ya nyongeza za kucheza kikosi cha kwanza. Brentford waliifunga akademi yao mwaka 2016 na kubaki na kikosi B, baada ya kuona vijana wao wakichukuliwa kwa fidia ndogo. Klabu iliyopitia hayo haitakubali kwa urahisi kumlea kijana wa wengine kwa kipengele cha bei ya chini.

Baadhi yetu tunaegemea karatasi ya pili, kwa masharti: bei ya kumrudisha ipande kila mwaka, idumu miaka 2 tu, na isitumike bila kijana mwenyewe kukubaliana kwanza na klabu juu ya mkataba mpya. Wengine wanasema hapana, abaki apate madaktari na mshahara, kwa sababu goti likiumia akiwa na miaka 19 katika klabu ndogo, mkataba wa miaka 2 unaisha kabla hajapona.

Kwa wenzetu waliowahi kuandika au kujadili mikataba ya aina hii, tunaomba majibu kwa mambo matatu. Je, mmeona klabu tajiri ikikubali kumruhusu kijana aondoke kwa dau lililopangwa endapo hatafikisha dakika fulani ndani ya misimu 2, na dau hilo mlilipangaje? Faini ya mkopo iwe kiasi gani ili imtie kocha moyo wa kumpanga bila kuifukuza klabu maskini? Na kwa kijana anayeuzwa, mmefanyaje ili matibabu ya jeraha kubwa yaendelee hata mkataba ukiisha? Dirisha likifunguliwa kijana huyu atakuwa na wiki chache tu za kuamua.