Shukrani kwa Mzee Aliyetusitiri

Kwa niaba ya familia yetu, ninatoa shukrani za dhati kwa marehemu mzee wetu, msimamizi wa mazishi na kiongozi wa jamii, ambaye simtaji jina kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Baba alipofariki tulichanganyikiwa hata tusijue pa kuanzia. Yeye ndiye aliyefuatilia cheti cha kifo na kibali cha mazishi, akaupokea mwili kutoka mochwari, akatueleza kila hatua kwa sauti ya chini bila kutuharakisha. Nilimwona akifunga kifungo cha juu cha shati la baba, akakifungua, kisha akakifunga upya kwa sababu kola ilikuwa imekaa upande, huku akimwita baba kwa jina kana kwamba anamwomba radhi. Hilo sitalisahau.

Katika vikao vya jamii alivyoviongoza, alisimama imara kutetea marehemu wasio na ndugu wazikwe kwa heshima, na mara nyingi (haya tumeyajua sasa) jeneza alilitoa yeye. Mama mjane na watoto, poleni sana, na asanteni kwa kutuazima baba yenu hata usiku wa manane. Mungu amlaze mahali pema peponi.