Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wakulima wa Machungwa, Muheza

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Nimehesabu: tupo 27 kati ya 71. Mwaka jana tulikuwa 34.

Shughuli za kawaida mnazijua. Miche imegawiwa, semina mbili zimefanyika, Nane Nane tulikwenda, rambirambi zilifikishwa. Sina la kuongeza hapo.

Niende kwenye jambo linalosemwa zaidi vijiweni kuliko kikaoni, yaani mashine ya kukoleza juisi, kuipunguzia maji ibaki nzito. Eti mwenyekiti kajinunulia. Kikao kiliitwa mara tatu. Mara ya tatu walikuja 16, na katiba yetu inaruhusu kikao kilichokosa akidi mara mbili kuamua kwa waliopo. Aliyebaki nyumbani asiniulize leo. Gharama ni shilingi milioni 18.4: milioni 11 akiba, iliyobaki mkopo.

Wapo wanaosema tungechemsha tu kwenye sufuria. Si tulichemsha? Juisi ikawa rangi ya chai, inanuka jamu, na mnajua ilikoishia. Mashine hii haichemshi. Juisi ya moto kiasi, nyuzi 50 hivi, inapita upande mmoja wa utando wa plastiki usiolowa maji; upande wa pili yanapita maji baridi. Vitundu vya utando havifiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na maji hayaulowi, kwa hiyo kinachovuka ni mvuke tu, nao ukifika ng'ambo unarudi kuwa maji. Sukari inabaki. Harufu kidogo inapotea, sikatai. Ile mashine ya presha kubwa ambayo mwenzetu mmoja aliipigia debe hukwama kwenye Brix 25 au 30, yaani gramu hizo za sukari katika kila gramu mia za juisi. Niliyasema haya mapema, yamo kwenye muhtasari.

Jaribio la kwanza liliharibika, ni kweli, na nilikuwepo. Nilikinga kikombe upande wa maji baridi, nikaonja: matamu. Maana yake utando umelowa, juisi inavuja. Kosa si la mashine. Machungwa yalikamuliwa pamoja na maganda, na mafuta ya ganda ndiyo adui wa utando huu. Maelekezo ya kumenya na kuchuja niliyabandika ukutani kwa mkono wangu. Utando mpya umetugharimu laki tisa.

Jaribio la pili, lita 200 za Brix 11 zilitoa ndoo mbili za lita 20, refraktomita, kile kipimio cha Brix, ikasoma 47. Ilichukua siku mbili, maana juisi ikizidi kuwa nzito kasi hushuka, na jua lilipofichama tuliongeza kuni kwenye maji ya moto yanayopasha juisi. Safari hii kikombe hakikuwa na ladha yoyote. Hilo vijiweni silisikii.

Ada: waliolipa ni 23. Wengine 48 wanadaiwa jumla ya shilingi 1,440,000. Rejesho la mkopo la mwezi uliopita nimelitoa mfukoni mwangu, na sisemi ili nisifiwe.

Mwakani, Mungu akipenda, tutafuatilia nembo ya TBS, Shirika la Viwango, na kutafuta soko Tanga mjini, pengine hata Mombasa, tusiendelee kungoja malori ya wanunuzi kutoka Kenya huku machungwa yanaoza chini ya miti.

Mweka hazina atakaa pale mlangoni hadi saa nane. Ada ni shilingi 30,000, ileile ya mwaka jana.