Barua kwa mwanangu aliyeko Manchester

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi, sisi hatujambo. Ile picha uliyopiga Nelson Street, mbele ya nyumba ambamo chama cha Emmeline Pankhurst na binti zake, cha kudai wanawake wa Uingereza wapige kura, kilianzishwa mwaka 1903, nimemwonyesha kila aliyeingia dukani. Lakini kwenye ujumbe wako wa sauti nimesikia kwamba wewe na wenzako mnapanga mgomo wa kula ili chuo kiwasikilize. Rehema, kula.

Najua utanitajia Marion Wallace Dunlop, mwenzao katika madai hayo, aliyegoma kula katika jela ya Holloway mwaka 1909, wakamwachia baada ya saa 91. Mbona unaishia hapo? Wengi waliomfuata hawakuachiwa. Walishikwa mikono na miguu, mpira ukaingizwa puani mpaka tumboni, wakamiminiwa chakula kwa nguvu. Mwaka 1913 ikaja sheria ambayo Waingereza wenyewe waliiita ya paka na panya: ukidhoofika unatolewa, ukinenepa unarudishwa ndani. Na wewe una vidonda vya tumbo.

Millicent Fawcett naye alidai kura miaka mingi, kwa barua na mikutano, wala hakulala njaa. Huyo humtaji kabisa. Na kura yenyewe ilikuja kwa mafungu. Mwaka 1918 walipewa wenye miaka 30 na zaidi, tena kwa masharti ya mali. Usawa na wanaume ukaja 1928, Emmeline Pankhurst akiwa ameshafariki wiki chache tu kabla.

Wewe unampenda Sylvia, binti wa Emmeline, kwa kuwa alisimama na wanawake maskini wa East End ya London, na kaburi lake liko Addis Ababa, si mbali na kwetu. Mimi namtazama mamake. Mwaka 1914 yeye na Christabel, binti yake mwingine, walimtoa Sylvia chamani, na mama akafa hawajapatana. Siku ile simu haikukatwa kwa hasira, ni chaji. Yale niliyosema kabla ya chaji kuisha, yaache.

Hotuba yako babako ameisikiliza mara nyingi, anajifanya anatafuta taarifa ya habari. Andamana, andika, paza sauti. Ila sahani usiiguse kwa siasa.

Tangi la maji limepasuka tena, fundi ameahidi Jumamosi. Mtoto wa jirani anakuja huko mwezi ujao, nimemfungashia kashata na dagaa wako. Uwanja wa ndege wakiwakataa dagaa, kashata zitafika. Nijulishe mapema kama unataka na sweta, mzigo haujafungwa.

Mamako