Mwanangu, iyo -11 kwenye plagi ndo inayokusumbua

Marahaba mwanangu. Voisi zako zote nimezisikiliza, mpaka ile ya dakika sita, nkaona nikijibu kwa voisi utasikiliza nusu alafu uniambie mtandao ulikata, kwaiyo naandika, usome ukiwa umekaa.

Kuhusu kununua Subaru Impreza WRX ya 2002 sisemi kitu tena. Ulijua ntasema nini ndo maana ulinipigia ikiwa imeshapaki kwako. Gari nzuri, injini EJ205 yenye tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kule Japani ilitoka na nguvu ya farasi 250, na ile rangi ya bluu hata mimi naipenda. Ila ina miaka zaidi ya ishirini sasa, na gari ya hivo haidanganywi kwa vitu vya kubahatisha.

Unasema ukienda taratibu iko poa kabisa, lakini ukiikanyaga barabara ya Bagamoyo tabo ikianza kupuliza inakohoa, inamisi, inakata kama mtu anazima na kuwasha swichi. Na imeanza baada ya kubadilisha plagi wiki mbili zilizopita. Sasa hapo mwanangu si ndo jibu lenyewe? Wewe badala ya kuangalia ulichobadilisha ukaenda kuuliza wenzako wakakwambia weka plagi namba 8 za resi. Ngoja.

Ile picha ya boksi la plagi nimeikuza mpaka nikasoma: BKR6EIX-11, za kampuni ya NGK. Aliyekuuzia hajakosea sana, 6 ndiyo namba ya joto la gari yako, thredi ni ileile ya milimita 14, itaingia bila shida na gari itawaka. Tatizo ni kale kamkia ka mwisho, -11. Maana yake gepu, ule mwanya wa cheche, ni milimita 1.1. Plagi iliyokuja na injini yako ni PFR6G, ya platinamu, gepu yake inacheza 0.7 mpaka 0.8. Umeona tofauti? Kwa macho ni kitu kidogo, unene wa kucha, lakini cheche inatakiwa kuruka huo mwanya katikati ya hewa iliyobanwa, na tabo kazi yake ni kubana hewa zaidi. Hewa ikibanwa zaidi koili, inayotengeneza umeme wa cheche, inadaiwa volti nyingi zaidi, na gepu ikiwa kubwa inadaiwa tena juu ya hapo. Koili zako zina umri wa chuo kikuu. Taratibu mjini zinamudu, ukikanyaga zinashindwa, cheche hairuki au inazimwa, mafuta yanatoka hayajaungua, ndo huko kukohoa. Na hayo mafuta yanaenda kuungulia kwenye ekzosi, usiendelee kuikanyaga hivo.

Najua utasema basi nizigonge nipunguze gepu. Usigonge. Za iridiamu ncha yake ni kama sindano na inakatika kirahisi, kuisogeza kidogo sana inawezekana kama unakunja kile kimkono cha pembeni tu bila kugusa ncha, ila kutoka 1.1 kuja 0.75 ni mbali mno. Nunua BKR6EIX isiyo na mkia, au rudi kwenye PFR6G. Ukikuta za kampuni ya Denso, IK20 ndo mwenzake wa iyo 6.

Sasa iyo namba 8. Miaka yote nipo dukani wateja wa gari za tabo wanakuja na ugonjwa mmoja, wanataka namba kubwa kama wanachagua saizi ya spika. Namba ya NGK haileti nguvu. Inakwambia plagi inatoa joto haraka kiasi gani kupeleka kwenye silinda hedi, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. (Kampuni ya Bosch wao wamegeuza, namba ikipanda ni ya moto zaidi, na watu wameshaharibu injini kwa kulinganisha namba tu.) Ncha ya plagi inatakiwa ifike kama nyuzi 450 ndo ichome masizi yake yenyewe, lakini ikipita 800 na kitu huko inageuka kuwa kaa la moto, mafuta yanawaka kabla ya cheche, na pistoni ndo inalipa. Ukiweka 8 kwenye gari inayoshinda foleni ya Mwenge haifiki iyo 450 hata siku moja. Nilimuuzia kijana mmoja za 8, nilimkataza akanuna, baada ya muda mfupi akarudi nazo nyeusi kama sufuria ya kuni, anasema nimempa feki. Ukija kuongeza presha ya tabo kweli, namba 7, hatua moja tu. Kwa sasa gari iko kama ilivotoka kiwandani, 6 basi. Na petroli weka ile ya oktani ya juu unayoweza kupata, maana iyo injini ilipangiwa haioku ya Japani, petroli yao ya oktani ya juu, ambayo inaanzia oktani (RON) 96.

Ukienda Ilala kununua angalia feki. Shika ile washa ya plagi, kile kipete cha chuma kwenye thredi, ya kweli haitoki kwa vidole, imenaswa pale. Ikizunguka ikatoka kama pete ya mtoto, rudisha. Angalia maandishi kwenye kauri yamekaa sawa, na ncha ya katikati iko katikati kweli, feki nyingi imeegemea upande. Alafu bei, iridiamu nne kwa bei ya soda nne unajua mwenyewe.

Kuzibadilisha utafanya mwenyewe, usimpe mtu. Subaru silinda zake zimelala, plagi ziko ubavuni zinaangalia fremu, nafasi ya mkono ni ndogo ndo maana mafundi wengi wanazichukia na wanakaza kwa hasira. Fanya asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima. Upande wa dereva toa boksi la eakilina, upande wa abiria toa betri. Silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva, 1 ndo ya mbele, 2 na 4 upande wa abiria. Soketi za waya za koili bonyeza klipu, usivute waya, plastiki ya miaka hiyo inavunjika kama biskuti. Bolti ya koili ni namba 10. Koili izungushe kidogo huku unaitoa, na kabla hujafungua plagi pulizia upepo mle kwenye shimo, vumbi la Dar likidondoka ndani ya silinda hulitoi tena. Soketi ya 16 yenye mpira ndani, ekstensheni fupi mbili, ingiza soketi kwanza alafu ndo uchomeke ekstensheni humohumo ndani, ukiziunga nje hazitapita.

Kurudisha chomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli uizungushe kwa vidole. Ikikataa mpira unateleza wenyewe, unatoa unaanza upya. Ikishafika mwisho kwa mkono, plagi mpya inaongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Na usipake grisi kwenye thredi, zinatoka kiwandani zimeshapakwa madini yake, ukipaka utakaza kupita kiasi bila kujua.

Nakwambia hivi kwa sababu Corona yetu ile nyeupe, wewe ulikuwa hujazaliwa, nilikaza plagi injini ikiwa ya moto, nikakaza kama nati ya tairi nikajiona fundi. Siku ya kufungua plagi ikatoka na thredi za hedi zote, aluminiamu imeng'ang'ania kama ganda la muwa. Ikabidi hedi ishushwe wakatie thredi ya kubandika. Baba yako hakusema kitu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko iyo bili.

Sasa kitu ninachokitaka zaidi ya vyote. Hizo za -11 ukizitoa usizichanganye, zipange mezani kwa namba 1, 2, 3, 4, zipige picha karibu kwenye mwanga, unitumie. Kahawia hafifu au kijivu, sawa. Nyeusi kavu ni mafuta hayajaungua, nategemea kuona hiyo. Ikiwa mwili wa juu umelowa oili, ni zile sili za mpira kwenye kava za hedi zimekufa, oili inavuja mle shimoni, ugonjwa wa kawaida wa Subaru na siyo ghali. Lakini ncha ikiwa nyeupe imebabuka, au ukiona vidoa vidogo vinang'aa kama vumbi la fedha kwenye kauri, usiwashe gari, nipigie. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni.

Na usinitajie tena yule dereva wa rali Colin McRae, ndiyo alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, Richard Burns naye 2000, ila wao nyuma walikuwa na kijiji kizima cha mafundi. Wewe una mimi na soketi ya 16.

Hizo za -11 kama hazijababuka nitumie kwa basi la Moshi. Kuna mzee hapa ana Legacy isiyo na tabo, yake inataka gepu ya 1.1, ntamwambia zimetembea wiki mbili na ntampunguzia. Hela yako utaipata.

Mama yako.