Amarilisi ina majani tu, ua liko wapi?

Swali hili hutufikia kitaluni kila vuli inapokaribia, mara nyingi likiambatana na picha ya simu: chungu kizuri, majani marefu ya kijani, na hakuna hata dalili ya bua la ua. Mteja anaomba mbolea ya kuleta maua. Mara nyingi tunamshauri asinunue, kwa sababu ua linalokosekana Oktoba hii liliharibika tangu mwaka jana.

Ndani ya tunguu la amarilisi, lile fundo la chini linalofanana na kitunguu maji, kila yanapotoka majani manne hivi, hutungwa chipukizi moja la ua. Chipukizi hilo hukaa humo karibu mwaka mzima likikua ndipo litokeze. Majani ya msimu huu, kwa hiyo, ndiyo yanayotengeneza ua la msimu ujao. Anayeyakata majani hayo mara maua yakishanyauka, ili chungu kionekane nadhifu, amekata na maua ya mwakani. Kata bua lililonyauka peke yake, sentimita 2 juu ya shingo ya tunguu. Majani yaache mpaka yageuke manjano yenyewe.

Sababu ya pili ni kivuli. Barazani, chini ya paa, amarilisi haifi. Hurefusha majani membamba yanayolala pembeni na tunguu husinyaa mwaka hadi mwaka. Inataka jua kwa muda wa saa sita kila siku. Dar es Salaam na Tanga, ambako jua la mchana huunguza vyungu, lipate jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia saa nane.

Ya tatu ni umri. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye sehemu nene ya tunguu. Likiwa na mzunguko wa sentimita 26 au zaidi, kwa kawaida hutoa mabua mawili. Chini ya sentimita 20, usilidai ua. Vitoto vinavyochipua ubavuni huhitaji miaka miwili au mitatu ya kulishwa, na ukivitenganisha vikiwa vidogo kama kidole gumba unaongeza muda wa kusubiri.

Halafu kuna mapumziko, na hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu tumezoea kwamba mmea usipomwagiliwa unakufa. Amarilisi asili yake ni Amerika Kusini, na aina nyingi za vyunguni huchanua vizuri zaidi zikishapitia kipindi cha ukavu. Kipupwe chetu kinafaa kabisa. Mwezi Mei acha mbolea. Juni punguza maji, na kuanzia katikati ya mwezi huo usimwagilie kabisa kwa wiki 8 hadi 10. Laza chungu ubavu au kiweke mahali mvua isipofika. Arusha, Lushoto na Njombe baridi ya usiku itakusaidia. Pwani hakuna baridi hiyo, kwa hiyo ukavu ufanye kazi peke yake: nenda hadi wiki 12, na usishangae majani mawili matatu yakibaki kijani. Hayo usiyakate.

Septemba toa udongo wa juu, sentimita 5 hivi, weka mpya, mwagilia mara moja, kisha subiri. Bua huonekana kwanza, au pamoja na majani, na ua hufunguka wiki 5 hadi 8 baada ya maji hayo ya kwanza. Anayetaka maua ya Krismasi aanze kumwagilia wiki ya kwanza ya Novemba.

Sasa chungu chenyewe. Kiwe kikubwa kuliko tunguu kwa sentimita 2 au 3 tu kila upande. Tunguu la upana wa sentimita 8 linatosha kwenye chungu cha sentimita 14, chenye kina cha 15 au zaidi. Chungu kikubwa mno hubaki na udongo mwingi usio na mizizi, na udongo huo haukauki. Tundu la chini ni lazima. Changanya debe mbili za udongo wa juu, debe moja ya mchanga wa mtoni na debe moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Panda nusu ya tunguu ikiwa nje ya udongo. Bustanini zika kidogo zaidi, lakini shingo na mabega yabaki juu. Kulifukia lote kama kiazi ndiyo njia ya haraka ya kuliozesha.

Maji ya siku ya kupanda ni glasi moja. Baada ya hapo hakuna tena mpaka chipukizi litokeze, maana tunguu lisilo na majani halina kazi na maji. Likishakuwa na majani, mwagilia kila kidole kikizama sentimita 3 na kukuta pakavu, na mimina pembeni, siyo juu ya shingo. Mbolea: nusu kijiko cha chai cha NPK 17:17:17 kila wiki 4, kuanzia maua yanapokwisha hadi Aprili, juu ya udongo wenye unyevu. Urea na CAN ziache kwa mahindi. Kwenye tunguu huleta majani laini na uozo.

Uozo huanzia kitakoni. Bonyeza chini, pakiwa laini au panatoa harufu, ling'oe siku hiyohiyo. Kata kwa kisu safi mpaka ufikie nyama nyeupe, paka dawa ya ukungu yenye shaba, anika kivulini siku 3 hadi 5, kisha panda kwenye mchanga mkavu kiasi. Kitako chote kikishaoza, tupa, kwani mizizi hutokea hapo tu.

Michirizi myekundu kwenye majani na bua linalopinda ni ukungu pia. Ondoa sehemu zilizoathirika na uache kulowesha majani, hasa jioni. Majani yenye mabaka ya kijani na manjano yaliyochanganyika ni virusi, na hilo halina dawa: choma mmea, futa kisu kwa spiriti, dhibiti vidukari. Kuna pia viwavi weusi wenye mapingili meupe au ya manjano wanaotoboa jani na kushuka hadi ndani ya tunguu. Wawinde usiku kwa tochi, watoe kwa mkono. Wakishaingia shingoni, dawa ya kupuliza juu haiwafikii.

Kwa bustani ya pwani yenye jua kali, tunapendekeza tuberozi kabla ya amarilisi. Chagua tunguu la upana wa sentimita 2 au zaidi, panda kina cha sentimita 5, umbali wa 15, na utapata maua yenye harufu nzuri baada ya miezi 3 au 4. Tunguu lililochanua halichanui tena; watoto wake ndio hurithi zamu, kwa hiyo chimbua na utenganishe kila baada ya miaka miwili.

Skadoksi, lile ua jekundu la mviringo linaloibuka lenyewe masika yakianza, ni la kwetu Afrika. Shingo iwe sawa na udongo, na ukishalipanda usilihamishe: likisumbuliwa linaweza kuruka msimu mzima. Yaliyochimbwa porini hatununui.

Tulipu hatuuzi. Inahitaji wiki zisizopungua 12 za baridi chini ya nyuzi 9, na hata ukiifungia kwenye friji, gesi ya ndizi na maembe yanayoiva huua chipukizi humo ndani.

Na tafadhali, usihifadhi matunguu jikoni. Yanafanana na kitunguu maji na yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Mbwa anayefukua vyungu yuko hatarini vilevile. Yatie kwenye mfuko wa karatasi wenye jina, juu, mbali na watoto. Ukiwa na shaka na tunguu ulilonalo, lilete kati ya Juni na Agosti, wakati limepumzika, tulitoe kwenye udongo na kulikagua kitako bila kuvunja mizizi mipya.